Kazi ya kumtunza mzee huko Muscat: jibu kwa dada wa Kirumba

Dada yangu, umeuliza kama ukubali kwenda Muscat, mji mkuu wa Oman, kumtunza bibi mgonjwa, ilhali wakala anataka upande basi la usiku hapa Mwanza, uvuke mpaka wa Kenya pale Sirari na kupandia ndege Nairobi. Njia hiyo inanitia shaka kuliko kazi yenyewe, kwani wakala mwenye kibali hana sababu ya kukwepa viwanja vya ndege vya nchi yake.

Dai mkataba wa maandishi kabla ya kuondoka, unaotaja mshahara, siku ya mapumziko na, hasa, kazi zako: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha na kumpa dawa kwa saa zake ni kazi kamili, wala haipaswi kuongezewa kupikia na kufulia ukoo mzima. Chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini wa mwajiri unaotumika huko, ukaazi wako hufungamana na mwajiri, hivyo ukitoroka waweza kuhesabiwa mkosaji hata kama hukulipwa.

Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na pasipoti yake. Waajiri wengine huichukua hata hivyo, kwa hiyo mwachie mama nakala na namba ya ubalozi wetu Muscat. Kaka yako aliyeahidiwa udereva wa nyumbani naye aulizie kwanza TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama wakala huyo ana leseni.