Kunakili Mapanga ya Mbao kwa Mtambo wa Upepo

SWALI: Mimi ni seremala wa Singida. Nimeunda chombo cha kunakilia kwa mabomba ya chuma na beringi: upande mmoja kidole cha chuma hupapasa panga la kielelezo, na upande wa pili ruta (mashine ya kuchongea mbao) huchonga ubao kwa mwendo uleule. Nahitaji mapanga matatu ya mita 1.2 kwa mtambo wa kufua umeme. Mgongo wa panga unatoka sawasawa, lakini kingo zinaliwa, hasa karibu na shina, na upana unapungua kwa milimita 4 hivi. Biti ya ruta ina kichwa cha duara cha milimita 12, na kidole ni bolti ya milimita 8 niliyoiviringa ncha kwa tupa. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, chombo chako ni kizima; kasoro imo katika ile bolti. Kidole kinapogusa ubavu wa kielelezo, kitovu chake huwa milimita 4 kutoka kwenye mbao, ilhali biti inahitaji milimita 6, kwa hiyo inakula milimita 2 kila ukingo. Mahali ambapo uso wa panga umelala bapa, kosa hilo halionekani, kwa sababu ncha zote mbili ulizilinganisha kwa kimo. Karibu na shina, ambako panga limesokotwa zaidi na uso wake umeinama, linajitokeza wazi. Thomas Blanchard wa Marekani alikuwa akichonga vitako vya bunduki kwa kanuni hii tangu 1819, na sharti halijabadilika: kidole na kikatio vilingane umbo na ukubwa. Chonga kidole kipya cha milimita 13, ili ibaki nusu milimita ya kumalizia kwa msasa.

Kabla ya kunakili tena, pitisha kiganja juu ya kielelezo huku umefumba macho, kwani kila kibonyeo utakachokihisi kitahamia kwenye mapanga yote matatu. Chagua mbao kavu yenye nyuzi zilizonyooka, isiyo na kifundo. Punguza sehemu kubwa kwa msumeno na randa, uiache siku kadhaa itulie, ndipo uinakili. Na unapogeuza upande wa pili, jaza kabari chini yake, maana panga jembamba hunepa likisukumwa na biti.

Jambo ninalokusihi usilipuuze ni mizani. Mtambo wa ukubwa huo ukizunguka mara 380 kwa dakika, gramu 10 zilizozidi nchani huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 2, na mvuto huo hutikisa mnara katika kila mzunguko. Kwa hiyo usitosheke na kupima uzito peke yake: laza kila panga juu ya ukingo mwembamba wa chuma, utie alama linaposimama sawa, kisha zidisha uzito wake kwa umbali wa alama hiyo kutoka kitovu cha mtambo. Panga lenye jibu dogo usiliongezee kitu nchani, wala usikwangue kingo za wenzake. Lifungie kipande cha madini ya risasi karibu na shina, ukikisogeza kidogo kidogo hadi majibu matatu yalingane.