Fundi ajibu: "Ni supaglu gani iliyo kali zaidi?"

SWALI: Fundi, assalaam aleykum. Niko Malindi, nachonga majahazi madogo ya kuweka sebuleni. La mwisho lina urefu wa sentimita 60. Mwili ni wa mwembe, mkuku (ule uti wa chini ya chombo) na mlingoti ni wa msaji, pete za kamba ni za shaba, tanga ni la pamba, na kitako ni cha akriliki, ile plastiki angavu. Vyote nimebandika kwa supaglu. Wiki ya pili mkuku umeachia, kitako kimeingia ukungu mweupe, na tanga nilipolitia gundi lilipata moto hadi likatoa moshi. Jirani ameniambia nichanganye supaglu na soda ya kuokea, mwengine ameniambia nitafute ya bei ya juu. Mwanangu naye aunda dau la vifuniko vya chupa na vipande vya ndara kwa kazi ya shule, aiga ile Flipflopi, chombo cha plastiki taka kilichoundwa Lamu, na halishiki kwa lolote. Ninunue gundi gani iliyo kali zaidi?

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Usinunue supaglu nyingine, ya bei ya juu wala ya chini. Hiyo uliyo nayo haina kasoro. Imepewa kazi isiyo yake, na balaa zote tatu ulizozitaja ni tabia yake ya kawaida.

Hapa Lamu, kijana akianza tu kuunda vyombo vidogo, swali lake la kwanza huwa ni hili la "gundi kali". Linanikera, na si kwa sababu yake yeye. Amefundishwa hivyo na wauzaji wanaobandika vyuma viwili mbele ya watu na kumwita mtu avivute, na sasa amefundishwa tena na video za dakika moja. Watu wamechanganya haraka na nguvu. Gundi ikishika kabla hujamaliza kusema bismillahi, basi inaonekana ndiyo bora. Gundi ya mbao inayotaka kulazwa usiku kucha inaonekana dhaifu. Ukweli ni kinyume kabisa kwa kazi yako wewe: mbao mbili za mwembe zilizounganishwa vyema kwa gundi nyeupe, ukizivunja kesho yake, mara nyingi mbao hupasuka pembeni na kiungo kikabaki.

Supaglu ni maji yanayongoja unyevu. Ule unyevu mdogo ulio juu ya kila kitu ndio unaoigeuza kuwa ngumu, na ndiyo maana hapa pwani inawahi kukauka, wakati mwengine hata kabla hujaweka kipande sawa. Ikishakauka ni ngumu na kavu, haipindi. Ukiivuta moja kwa moja ina nguvu za ajabu. Harry Coover wa kampuni ya Kodak, ambaye mwaka 1942 alikutana na kemikali hii akitafuta plastiki angavu ya kulengea bunduki na kuiacha kwa sababu ilinata kila mahali, aliirudia mwaka 1951, ikaingia sokoni 1958. Mwaka uliofuata, kwenye televisheni ya Marekani, tone moja tu lilimwinua mtu mzima kutoka sakafuni. Ni kweli kabisa. Lakini angalia kilichofanywa: vyuma viwili vilivyonyooka, vimekutana barabara, vikavutwa wima. Hakuna aliyekigonga kiungo kile kwa kando, wala kukipinda, wala kukibandua kutoka ukingoni. Gundi hii ikigongwa au ikibanduliwa, huachia ghafla.

Sasa chukua mkuku wako. Mbao ni kitu kinachopumua. Masika yakiingia inanyonya unyevu na kutanuka, kaskazi ikikaza inasinyaa. Mwembe unatanuka kwa namna yake na msaji kwa namna yake, na katikati umeweka utando mgumu usiokubali kusogea. Lazima utaachia. Juu ya hayo, msaji una mafuta yake ya asili yanayopanda juu hata baada ya kuupiga randa, na gundi yoyote inayolala juu ya mafuta haijashika mbao. Na kama jahazi lako lingenunuliwa na mtu wa Nairobi akaliweka ofisini penye kiyoyozi, lingeachia mapema zaidi. Malalamiko mengi ya wageni kwamba "jahazi la Lamu limefunguka" chanzo chake ni hapo: mbao mbichi, gundi ya sekunde kumi, na hewa kavu ya kwao.

Dawa yake ni hii. Bandua mkuku wote, usiziachie sehemu ambazo bado zimeshika. Kwangua supaglu ya zamani kwa patasi kisha kwa msasa mpaka ufike kwenye mbao yenyewe, pande zote mbili. Hapa ndipo wengi huharibu: supaglu iliyokauka huziba vitundu vya mbao, na gundi nyeupe haina pa kuingia. Usiamini macho. Dondosha tone la maji juu ya mwembe. Likikaa juu limejikunja, bado pana gundi, endelea kupiga msasa. Likinywewa na kuacha doa lililotanda, mbao iko wazi. Acha ikauke kwanza. Msaji ufute kwa kitambaa safi chenye asetoni, na iwe asetoni tupu, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha zimetiwa mafuta ya kulainisha ngozi na utakuwa umepaka mafuta mapya. Ukishafuta, tia gundi papo hapo, usiende kunywa chai, maana mafuta ya msaji hurudi juu.

Gundi yenyewe iwe ile nyeupe ya mbao ya maseremala, au ya njano ukiipata kwani yastahimili unyevu zaidi. Paka nyembamba pande zote mbili, kutanisha, kisha kaza. Kama huna jiliwa ndogo, kata mpira wa ndani wa baiskeli uwe tepe ndefu, uzungushe mwili mzima kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma) huku ukiuvuta. Ukikaza sawa, gundi itachomoza katika mstari wa kiungo vitone vitone kama jasho. Vitone vikitoka urefu wote, umeenea. Vikikatika mahali, hapo hapana gundi au hapajakutana. Futa kwa kitambaa chenye maji, lala, fungua kesho. Kama jahazi litashushwa majini, hata kwa mchezo wa watoto, acha gundi nyeupe na utumie ipoksi, gundi ya chupa mbili zinazochanganywa, moja ikiwa ni kigumisho, ile ya polepole.

Na tafadhali, gundi kwanza, mafuta baadaye. Kuna wanaopaka mwili mzima mafuta ya sifa (ya samaki) au vanishi ili upendeze, kisha ndipo wanakumbuka usukani haujabandikwa. Hapo wanabandika usukani kwenye vanishi. Siku vanishi ikiambuka, usukani unaondoka nayo.

Tanga usilibandike, lishone. Pamba na supaglu ni hatari ya kweli: nyuzi za pamba huifanya gundi igande kwa kasi kubwa mno, na kugandako hutoa joto la kuunguza kidole na kutoa moshi unaochoma macho. Ule moshi ulioona haukuwa bahati mbaya. Kwa sababu hiyohiyo usivae glavu za pamba ukiishika gundi hii, wala usiifute ikimwagika kwa fulana kuukuu. Ukitaka tanga lako lionekane limejaa upepo, chukua gundi nyeupe uizimue kwa maji, lowesha kitambaa, kitandaze juu ya kitu chenye mbinuko kilichofunikwa nailoni, kiache kikauke. Halafu lifunge kwenye foromali, ile boriti inayobeba tanga, kwa uzi kama lifungwavyo la kweli. Mlingoti nao hauhitaji gundi. Wa jahazi kubwa huchomekwa na kufungwa kamba, na wako ukiufanya hivyo utaweza kuuchomoa jahazi likisafirishwa.

Ule ukungu wa kitako ni mvuke wa supaglu, umepanda ukatua juu ya plastiki na kuganda. Jaribu kuusugua taratibu kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini. Asetoni usiisogeze kabisa hapo, itaila akriliki na kuitia nyufa. Na kitako cha namna hiyo sioni kwa nini kibandikwe. Toboa kwa keekee kutoka chini, tia skrubu mbili za shaba ziingie kwenye mkuku, umemaliza. Siku ukitaka kuweka kidirisha angavu ndani ya chombo, gundi nyeupe hukauka angavu na haitoi ukungu.

Pete za shaba zipige msasa mpaka zing'ae, zifute asetoni, kisha tia ipoksi. Supaglu nayo itazishika kama ni ndogo na hazivutwi na kamba. Hapo ndipo mahali pake: vitu vidogo, vigumu, vilivyokutana barabara, visivyobeba mzigo.

Dau la mwanao ni habari nyingine. Geuza kifuniko au chupa utazame alama ya pembetatu yenye namba. Plastiki yenye 2, 4 au 5 haishikwi na gundi za kawaida za dukani, na vifuniko vingi vya chupa ni 2 au 5. Uso wake unaikataa gundi, unaibandua kwa ukucha. Namba 6 ngumu, inayotumika pia kwenye seti nyingi za ndege na meli za kuunganisha, hiyo hukubali, na gundi yake maalumu huyeyusha kidogo pande mbili zikawa kitu kimoja. Lakini namba 6 iliyofurishwa, ile nyeupe nyepesi inayokuja na katoni za televisheni, ukiitia gundi ya viatu au supaglu ya kawaida itayeyuka na kuacha shimo. Itie gundi nyeupe. Vipande vya ndara vitashikana vizuri sana kwa gundi ya fundi viatu, ukipaka pande zote mbili na kungoja hadi ukigusa haichafui kidole, ndipo ukutanishe. Vifuniko mwambie atoboe na afunge kwa waya au uzi wa kuvulia. Flipflopi yenyewe, iliyoshushwa majini hapa Lamu mwaka 2018 na kwenda Zanzibar mwaka uliofuata, haikuundwa kwa kubandika vifuniko. Plastiki iliyeyushwa ikafanywa vipande vya kuundia chombo. Na wazee wa visiwa hivi waliounda mtepe walishona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, chombo kikajinyonganyonga kwenye mawimbi na kisipasuke. Kufunga na kushona ni ufundi kamili, mtoto asione ameshindwa.

Nije kwenye ushauri wa jirani yako. Supaglu na soda ya kuokea hugandana papo hapo kuwa kitu kigumu cheupe. Ni kweli, na kwa kuziba kitundu kabla ya kupiga rangi hufaa. Lakini ugumu ule ndio ugumu uleule unaovunjika, na sasa ni mnene zaidi. Wengine huweka majivu, wengine saruji. Wote wanatengeneza kijiwe kwenye ufa na kukiita kiungo. Ndugu yao ni yule anayeongeza kigumisho kwenye ipoksi "ili iwahi". Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kipimo. Ukizidisha upande mmoja, sehemu ya mchanganyiko inabaki haina wa kushikana naye, na utapata gundi laini inayonata mwaka mzima.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile "gundi ya bure" ya kuyeyusha vipande vyeupe vya katoni ndani ya petroli. Nimeona vijana wakiikoroga kwenye kopo, ndani ya chumba, pembeni mwa jiko la makaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi uukute moto ulipo. Hii ni miji ya paa za makuti na vichochoro ambavyo punda wawili hupishana kwa taabu. Gari la zimamoto halina pa kupita. Na hata usipowaka, utando ule ni dhaifu, hubaki unanata kwa siku nyingi, na petroli yake hula plastiki na rangi zilizo jirani. Anayekufundisha hivyo kwenye simu hatakuja kukuzimia nyumba.

Gundi ya viatu nayo ifunguliwe nje au dirisha likiwa wazi, na kopo lisiachwe mikononi mwa watoto. Mvuke wake hulewesha na kudhuru. Supaglu ikinasa vidole, loweka maji ya uvuguvugu yenye sabuni na ugeuzegeuze taratibu, usivute. Ikiingia jichoni usitie asetoni wala usilazimishe kope kufunguka. Suuza kwa maji ya uvuguvugu, funika kwa kitambaa safi chenye majimaji, na uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama maumivu yametulia.