Jiwe zito na jiwe la vitundu: lipi la msingi na lipi la ukuta hapa Kisoro

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba umenunua kiwanja nje kidogo ya mji wa Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, upande mmoja ukiwa na mawe meusi mazito na upande wa pili ukiwa na kilima cha mawe mepesi mekundu yenye vitundu, na kwamba fundi wako amekushauri uyatupe haya mepesi kwa sababu "hayakuiva". Nimejenga katika eneo hili kwa miaka kumi na minane kwa mawe ya aina zote mbili, na nakujibu kwa kirefu kwa sababu ukiufuata ushauri huo utapoteza mali uliyokwisha kuilipia.

Mawe hayo ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na lava, yaani mwamba ulioyeyuka uliotoka volkano, yenye joto la nyuzi 1,000 hadi 1,200 hivi za Selsiasi, na mara nyingi kemikali zake zinakaribiana sana. Kilichoyatenganisha ni gesi. Pale lava ilipotiririka ardhini na gesi ikapata nafasi ya kutoka, iliganda ikawa jiwe zito ambalo wengi wetu tunaliita basalti, na ambalo majirani zangu Wafumbira huliita amakoro. Pale gesi ilipoirusha lava hewani kwa nguvu, matone yake yaliganda yakiwa bado na viputo ndani, yakaanguka kuzunguka tundu la volkano na kurundikana hadi yakawa vilima vidogo kama vile unavyoviona vimetapakaa kwenye tambarare iliyo chini ya mlima wa volkano wa Muhavura. Hilo ndilo jiwe liitwalo skoria. Wekundu wake ni kutu, kwa kuwa chuma iliyomo ilikutana na hewa na mvuke ingali ya moto, wala si dalili ya uchanga wala ya ubovu. (Wataalamu wa miamba hawaridhiki na jina basalti kwa lava zetu za Bufumbira, yaani eneo hili la Kisoro, kwa sababu zina potasiamu nyingi kuliko kawaida, lakini kwa kazi ya ujenzi jina hilo linatosha.)

Chukua nyundo ujionee mwenyewe. Jiwe zito lisilo na ufa hulia kama chuma, na likipasuka uso wake ni wa kijivu cheusi, wenye chembe ndogo mno, labda na fuwele chache za kijani au nyeusi zinazong'aa. Skoria hupondeka kwa mlio mkavu, na kingo za vitundu vyake hukata vidole kama kioo. Kwa kweli sehemu yake ni kioo, kwa maana iliganda haraka kabla fuwele hazijapata muda wa kukua. Usiichanganye na pumisi, lile jiwe la kusugulia visigino: pumisi kavu huelea majini, ilhali skoria kwa kawaida huzama.

Uzito ndio utakaoamua matumizi. Ndoo yangu ya lita 20 hubeba takriban kilo 31 za kokoto ya jiwe zito, na kilo 17 tu za skoria. Kwa hiyo msingi ujenge kwa jiwe zito bila kusita, maana halinywi maji na halipondeki chini ya mzigo, ingawa kulichonga kutawachosha mafundi na kumaliza patasi. Ukuta wa juu ni habari nyingine. Kisoro iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 na usiku wake ni wa baridi, na hewa iliyofungwa ndani ya vitundu vya skoria huzuia joto kutoroka. Vyumba nilivyojenga kwa skoria huwa na nafuu inayohisika alfajiri.

Kosa nililowahi kulifanya ni hili. Nilikuwa namwaga sakafu ya ghala la viazi, nikatumia kokoto ya skoria ikiwa kavu kabisa, kama ilivyotoka kilimani. Zege liligeuka gumu ndani ya toroli kabla halijafika mahali pake, kwa sababu vitundu vilikuwa vimeyanyonya maji ya mchanganyiko, nasi kwa haraka tukaongeza maji kwa jerikeni bila kipimo. Baada ya wiki tatu sakafu ilikuwa na nyufa za kuingiza ukucha, na uso wake ulitoka unga kila ulipofagiliwa. Niliivunja kwa gharama yangu. Tangu siku hiyo skoria huilowesha usiku kucha, asubuhi naiacha ichuje maji, kisha ndipo naichanganya, na sijapata tena tatizo hilo. Hata hivyo, nguzo na mihimili inayobeba ghorofa siifanyi kwa kokoto hiyo.

Vumbi linalobaki baada ya kuponda skoria usilitupe. Likisagwa laini sana, kile kioo chake huungana na chokaa na kushikamana, na ndiyo sababu viwanda vya saruji nchini huchanganya majivu na mawe ya volkano katika saruji yao. Unga wa jiwe zito hauna tabia hiyo kwa kiasi cha kutegemewa.

Kuhusu shimo la maji machafu ulilolitaja mwishoni, lizungushie skoria chakavu, kwani maji hupenya humo kwa urahisi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo liwe mbali na tangi lako la mvua, na sakafu ya tangi iwe ya kokoto ya jiwe zito.