Waya tatu noti moja, mbona sauti inayumba?

Swali: Fundi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa kwaya, piano ya kanisani nimeityuni mwenyewe kwa programu ya simu. Kila waya nikiipiga peke yake simu inaonyesha kijani, ila nikipiga noti za katikati zinayumba, wau wau wau. Jamaa mmoja anasema waya za pembeni zimechoka, tuzitoe ibaki moja kila noti. Tuzitoe?

Jibu: Marahaba mwalimu. Usitoe hata moja, tafadhali sana. Hili la "simu imesema kijani" naletewa kila siku na linaniuma. Piga hesabu kidogo, kwenye noti A ya hezi 440 (yaani waya inatikisika mara 440 kwa sekunde) senti moja, ile sehemu ya mia ya nusu toni, ni kama robo hezi, sasa simu ikiwasha kijani kuanzia senti 2 chini mpaka senti 2 juu, waya moja ikae chini na mwenzake juu, hapo zimepishana hezi moja nzima, yaani wau moja kila sekunde na kijani bado inawaka!

Hizo waya haziishi kila moja kivyake. Zote zimelala kwenye daraja moja, kile kipande cha mbao kinachozibeba, na daraja limekaa juu ya ubao wa sauti, ule ubao mpana unaotoa mlio, moja ikitikisika inamtikisa mwenzake. Nyundo ikigonga zinasukuma daraja kwa pamoja, nguvu inatoka haraka, ndo ule mlio mkubwa wa mwanzo, halafu zinapishana kidogo kidogo, huyu anasukuma yule anavuta, daraja linatulia na nguvu inabaki kwenye waya, noti inaendelea kuimba polepole. Gabriel Weinreich, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Michigan, alilieleza vizuri mwaka 1977. Ukibakiza waya moja huo mkia mrefu umeutupa.

Ziba za pembeni kwa kabari za mpira, tyuni ya kati, kisha fungua moja moja uisikilize ikilia pamoja na ya kati mpaka wau irefuke, irefuke, ipotee. Kwa sikio. Ikiyumba waya moja ikiwa peke yake, kagua pini ya darajani, ile inayoishika waya pale, huenda imelegea.

Na wanaokata waya ndo haohao wanaopulizia mafuta kwenye pini za kutyuni eti zilainike. Kila waya inavuta kama kilo 70, na kinachoishika pini ni mbao tu. Juzi nimefungua piano inanuka mafuta, naweka ufunguo, pini inazunguka kama mwiko kwenye uji, na mwenye piano alishamlipa aliyepulizia.