Kabla ya Kumtia Chura Kwenye Fomalini

Katika msimu wangu wa kwanza wa kukusanya vielelezo vya vyura wa ardhini huko Queensland, Australia, nilifanya kosa lisilorekebishika: usiku mmoja baada ya mvua kubwa nilimwokota dume wa jenasi ya Uperoleia kando ya dimbwi bila kurekodi mlio wake. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 25, vijichura vya rangi ya udongo vyenye vipele mgongoni, na mara nyingi ni mlio unaozitofautisha. Kielelezo changu kimebaki makumbusho kikiwa na jina la jenasi tu, na hilo bado linaniuma, kwani uhai wake ulistahili zaidi.

Kwa hiyo, ukishapata kibali na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama, tanguliza yale ambayo chupa haiwezi kuyatunza. Rekodi mlio kabla hujamgusa, kisha pima joto la hewa, kwa kuwa kasi ya mlio hufuata joto. Mpige picha angali hai, hasa kinenani na nyuma ya mapaja, ambako Uperoleia wengi wana mabaka mekundu au ya rangi ya chungwa ambayo hufifia katika spiriti ya kuhifadhia. Kila chura awe na mfuko wake na glovu mpya, ili usisambaze kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura, aliyekwisha kuangamiza vyura wengi nchini humo.

Akishakufa kwa dawa ya usingizi, kata kipande cha ini ukitie katika ethanoli, yaani spiriti, kabla fomalini, dawa ya kukausha na kuhifadhi mwili, haijamfikia, kwa sababu fomalini huharibu DNA. Ndipo umlaze kwenye sinia lenye karatasi iliyoloweshwa fomalini ya asilimia 10, umkunje magoti, umtandaze vidole kimoja kimoja kwa kibano. Akikakamaa vibaya, hakuna atakayeweza kumpima sawasawa. Baadaye huhamishiwa kwenye ethanoli ya asilimia 70.

Umuhimu wa kazi hii unaonekana kwa chura wa Queensland, Rheobatrachus silus, aliyelea watoto ndani ya tumbo lake la chakula: alipewa jina la kisayansi mwaka 1973 na kuonekana porini mara ya mwisho mwaka 1981. Anayetaka kumchunguza leo hana budi kutegemea vielelezo vilivyohifadhiwa.

Lebo uifunge mguuni kwa uzi, yenye namba ileile iliyo kwenye kichupa cha ini, na uiandike kwa penseli, kwani wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika spiriti.