Jibu: Rekodi mbili za usiku mmoja wa taarabu zinaachana

Wa aleykum salaam, ndugu yangu wa Malindi. Umesema una rekodi mbili za taarabu ya usiku mmoja, moja ya kwenye miksa (mashine inayokusanya sauti za maiki) na nyingine ya simu iliyokaa katikati ya watu. Ukizianzisha pamoja zinakwenda sawa, lakini ikifika nusu saa dumbaki, ile ngoma ya mkono, inasikika mara mbili mbili. Hapa Lamu kazi hii naifanya sana, kwa maonyesho ya Mkunguni mbele ya ngome na kwa harusi za uani, na tatizo lako linatibika. Yule aliyekushauri uikate ya simu wimbo kwa wimbo, usimfuate kwanza.

Kila kifaa kina saa yake ndani, fuwele inayotetema na kuhesabu sampuli (vipimo vidogo vya sauti, maelfu kwa sekunde), na ni nadra viwili vihesabu sawasawa. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni si ajabu kwa vifaa vya bei nafuu. Kwa nusu saa hiyo ni milisekunde 90, na hapo sikio linasikia mapigo mawili.

Geuza faili zote mbili ziwe WAV (faili za sauti zisizobanwa) za kasi moja ya sampuli, hezi 48,000. Tafuta pigo kavu karibu na mwanzo, la dumbaki au rika (tari ndogo yenye njuga), ulikuze kwenye kioo mpaka uione ncha ya wimbi, kisha andika limegonga sekunde ya ngapi katika kila faili. Fanya hivyo hivyo kwa pigo la karibu na mwisho. Tuseme kwenye miksa, kutoka pigo hadi pigo ni sekunde 5,400.00, na kwenye simu ni 5,400.27. Gawanya ya simu kwa ya miksa upate 1.00005. Basi ya simu iongeze kasi kwa asilimia 0.005. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tumia amri inayobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja, si ile inayobadili mwendo na kukiacha kimo palepale. Hiyo ya pili hukatakata sauti na kuiunga upya, na makali ya ngoma yanalegea. Kimo kikisogea kwa asilimia 0.005, hata mpiga fidla hatatambua.

Ila kabla hujabadili chochote, kagua pigo la katikati. Likiwa limepishana kwa nusu ya ile tofauti, ni saa tu. Likiwa halijapishana hata kidogo, kisha tofauti yote ikazuka ghafla mbele, hiyo si saa: kuna sauti imepotea, pengine kompyuta iliruka au rekoda ilifunga faili moja ikafungua nyingine. Hapo ndipo mkasi unafaa, palepale penye pengo.

Kasi ikishakaa sawa, isogeze ya simu mpaka mapigo yakutane. Kwa joto la pwani sauti husafiri kama mita 348 kwa sekunde, kwa hiyo simu iliyokuwa mita 15 kutoka spika imechelewa milisekunde 43. Zikibaki zimepishana milisekunde chache tu, mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya bomba. Sogeza kidogo kidogo huku ukisikiliza. Kisha pindua wimbi la simu juu chini, sikiliza besi, na ubaki na upande ambao besi imejaa zaidi.

Sasa kuchanganya, na hapa nina msimamo. Wengi huitupa ya simu kwa kuwa ni chafu. Ni hasara kubwa. Harusini uani, dumbaki na rika mara nyingi hazipewi maiki kwa sababu zinasikika zenyewe, kwa hiyo kwenye miksa zinafika kwa kuvujia maiki ya mwimbaji tu. Na kuna jambo zito zaidi. Mwimbaji akifika kwenye mstari wenye fumbo, watu wanainuka kumtunza, vigelegele vinapasuka, naye anaurudia mstari ule mara mbili, tatu. Sikiliza miksa peke yake: utasikia mtu amenyamaza kidogo kisha anarudia maneno bila sababu. Sababu iko kwenye simu.

Kwa hiyo miksa iwe msingi, na ya simu iwe chini yake kwa desibeli 10 hivi, umeiondolea sauti nzito za chini ya hezi 100 ili upepo wa kusi na mngurumo wa jenereta viondoke. Pale mstari unapogusa watu, ipandishe desibeli 4 au 5 kwa mkono, uanze sekunde moja kabla ya vigelegele. Usitegemee simu ikufanyie, kwa sababu kwa kawaida yenyewe hujipunguza kelele zinapozidi na kujiongeza watu wakinyamaza, kinyume cha unachotaka. Punda akilia nyuma ya watazamaji, mimi simfuti; naye alikuwepo.

Na kama simu ile ilichukua picha pia na unataka kutoa video, geuza hesabu: picha inafuata saa ya simu, basi miksa ndiyo ipunguzwe kasi kwa asilimia 0.005, ya simu usiiguse. La sivyo, mpaka nyimbo za mwisho midomo ya mwimbaji itakuwa imeachana na sauti kwa zaidi ya robo sekunde.