Omo si Baraza: Kwa Vijana Mnaoanza Kushika Boti Kubwa za Konsoli ya Katikati

Ijumaa iliyopita nilikuwa nafunga kamba gatini hapa Muscat, boti ya futi 38 ikatoka na wageni saba omoni, mbele kabisa ya boti. Saba! Wawili wamekalia ukingo, miguu inaning'inia nje. Mtoto mmoja amesimama, kashika reli kwa mkono mmoja. Baba mtu anampiga picha, bahari kaipa mgongo. Kijana aliyekuwa usukanini namjua. Ni wa kwetu, mpole, ana mikono mizuri, na boti anaipachika gatini vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Alipolipita boya la mwisho akazifungulia mashine zote tatu. Nilibaki nimesimama na kamba mkononi mpaka ikapotea machoni.

Walirudi salama, na hicho ndicho kinachonitia hofu. Kwa kuwa walirudi salama, Ijumaa ijayo atafanya vilevile.

Wadogo zangu, kazi mnaijua. Sitawaeleza trimu ni nini wala mashine inawashwaje. Haya nimeyapa namba ili msiyaruke.

1. Omo si baraza.

Najua inavyoonekana. Godoro jeupe, mito, vishikio vya vikombe, spika mbili. Mgeni akipanda boti anaelekea huko moja kwa moja, kama mtu aliyeona baraza lenye kivuli. Lakini tazameni chini ya hilo godoro kuna nini. Tumbo la boti hizi ni V kali, na nyingi ya zile za mwendo mkubwa zina mwinamo wa nyuzi 24 hivi mpaka tezini, yaani nyuma kabisa. Tumbo la namna hiyo ni kazi ya Ray Hunt wa Marekani, na watu waliliamini mwaka 1960, Dick Bertram aliposhinda mbio za Miami hadi Nassau kwa boti yake Moppie katika bahari chafu. Boti za mbio zilizofuata nyuma yake zilikuwa na sitaha ndefu iliyofunikwa mbele. Wimbi likipanda juu, linateleza na kurudi lilikotoka.

Matajiri wetu hawataki kufunikwa. Wanataka kuizunguka boti nzima kwa miguu, samaki akivuta wamfuate anakokwenda, watoto wapate pa kurukia. Mimi mwenyewe nazipenda boti hizi, na kwa kuvua na kuzamia sijaona mpangilio mzuri kuliko huu. Basi wajenzi wakaondoa kifuniko, wakaweka usukani katikati, kwenye kisanduku tunachokiita konsoli, pande zote mbili wakaacha njia. Mashine za nje nazo zikakua, mpaka mwaka 2021 Mercury ikatoa ya nguvu za farasi 600, na kuna wanaofunga nne za namna hiyo kwenye boti moja. Tumbo na mwendo ni vya mbio. Kilichoondolewa ni kifuniko.

Pigeni hesabu. Omo wazi yenye urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili, ikiingia maji ya nusu mita, ni mita tatu za ujazo. Kila mita moja ya ujazo ya maji ya bahari inapita kilo 1,000. Hizo ni tani tatu, zimepakiwa mbele ya konsoli kwa muda wa kupiga chafya, na hazina pa kwenda isipokuwa kupita kushoto na kulia kwako zikielekea tezini.

Na kabla hata maji hayajaingia, kuna mrusho. Boti inapoparamia mawimbi, tezi inatikisika tu, ila omo inapanda na kushuka kama ncha ya pembea. Wewe umesimama katikati, nyuma ya kioo, umeegemea kiti chenye springi. Unasikia mtikisiko mdogo, unasema bahari leo nzuri. Aliye omoni muda huohuo anainuka godoroni na kurudi kwa kishindo. Mwili wako hauwezi kukwambia anachopata yeye. Hilo lishikeni.

2. Nguruzi, kizibo cha tundu la tumboni. Iguseni kwa mkono kabla boti haijashuka majini, hata kama mwenzako kaapa kwamba kaifunga.

3. Matundu ya kutolea maji yasafisheni kila jioni. Mchanga, nywele na karatasi za tishu vinatosha kuyaziba, na siku yakihitajika hutapata nafasi ya kuinama.

4. Kamba ya kuzimia mashine ifungeni mwilini. Kuna kijana aliniambia sheria ya Marekani ya tarehe 1 Aprili 2021 kuhusu kamba hii inawahusu wenye boti za chini ya futi 26 tu, yetu ni ya futi 38. Mwanangu, ukirushwa nje boti haitauliza ina futi ngapi. Itazunguka na kurudi ulipo.

5. Anayekalia ukingo wa omo boti ikikimbia, akianguka anaanguka mbele ya boti. Kutoka hapo njia yake inapita chini ya tumbo, na mwisho wa tumbo kuna mapanga matatu ya mashine. Sina la kuongeza.

6. Trimu ya asubuhi si ya mchana.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hili nimelilipia, na aliyelipa zaidi si mimi.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wangu wa nne Oman. Boti ya futi 36, mashine tatu za nguvu za farasi 300. Tajiri wangu alikuwa na wageni wa kifamilia, watu tisa, na kati yao mama yake mzazi, mtu mzima aliyepita miaka sitini, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Tulikwenda visiwa vya Daymaniyat. Asubuhi kulikuwa na mawimbi mafupi ya mbele, nikashusha trimu, ule mwinamo wa mashine, na vibao vya tezini ili omo ikae chini na ile V ikate maji. Sawasawa kabisa, ndivyo inavyofanywa. Tukafika, watu wakaogelea, wakala, wakaona kasa.

Saa nane mchana shamali ikaanza kuvuma. Mnaijua shamali ya miezi ya baridi: inatoka kaskazini-magharibi, na kutoka visiwani kuja Muscat inakusukuma mgongoni. Mawimbi yalikuwa mita moja na nusu hivi, yamepangana vizuri, yote yanakwenda tunakokwenda sisi. Bahari ya nyuma inadanganya. Hakuna maji yanayokupiga usoni, hakuna upepo unaousikia, boti inateleza kama iko kwenye mafuta.

Yule mama alikuwa amekaa omoni na wajukuu watatu na mabinti wawili. Kabla sijang'oa nanga nilimtazama. Nilijua hapaswi kuwa pale. Nataka mlielewe hili kama lilivyo: sikusahau, sikughafilika, nilijua. Nikafungua mdomo, naye akanitangulia: "Mwanangu, hapa mbele pana upepo mzuri." Nikasema, "Naam, mama." Mimi ni nani, kijana wa mshahara, nimwambie mama wa tajiri ainuke? Kwetu mtu mzima akishakaa haondolewi. Nikajiambia nitakwenda pole.

Nilikwenda pole dakika kumi. Kisha tajiri akaja ubavuni pangu akatazama saa, akasema watoto wamechoka. Nikaongeza moto. Kwenye noti 28, yaani maili 28 za baharini kwa saa, nikawa nayapita mawimbi. Boti inapanda mgongo wa wimbi taratibu, inafika kileleni, inashuka upande wa pili ikielekea mgongo wa linalofuata. Mara ya kwanza omo iliinuka vizuri. Mara ya pili vizuri. Trimu ilikuwa bado chini kama nilivyoiacha asubuhi, na juu ya hiyo trimu kuna watu sita wamekaa mbele. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kinaisukuma omo chini, na sikukitazama hata kimoja.

Mara ya tatu, au ya nne, wimbi la mbele lilikuwa refu kuliko wenzake. Tulipofika kileleni niliona bonde, niliona na mgongo wa lile jingine umesimama kama ukuta wa kijani. Mkono wangu ukafanya kile ambacho mkono wa mtu yeyote aliyeogopa hufanya: ukarudisha moto wote kwa mkupuo. Boti ikiwa inashuka, ukiikata moto ghafla omo inazama zaidi, na wimbi la nyuma linainua tezi. Omo ikachoma. Maji hayakurukaruka, yaliingia yakiwa mazima, kimo cha reli, yakapiga kioo cha konsoli, yakapita pande zote mbili na mito, viatu, ndoo ya barafu na mtoto mmoja ambaye baharia wangu alimdaka kwa fulana. Yule baharia ndiye aliyetuokoa. Alipiga kelele, "Usisimame, nenda, nenda taratibu!" Nikaipa moto kidogo, tukashika njia moja, maji yakaanza kukimbilia tezini na kutoka. Lingekuja wimbi la pili kabla hayajatoka, nisingekuwa naandika.

Nilipoangalia mbele, watoto walikuwa wanalia, na kilio kilikuwa faraja. Mama alikuwa amekaa vilevile, ameshika reli kwa mikono miwili, rangi imemtoka. Hakulia. Aliniambia tu, "Mgongo, mwanangu."

Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea. Si maji yaliyofanya hivyo, ni kishindo cha kuinuka godoroni na kurudi. Alivaa mkanda wa mgongo miezi mitatu. Nilikwenda kumtazama nyumbani siku ya tano, nimejiandaa kutukanwa, na kufukuzwa kazi nimeshakukubali moyoni. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaniuliza, "Ulijua pale si mahali pangu?"

Nikasema, "Nilijua, mama."

"Basi mbona hukunambia?"

Nikamwambia niliona haya. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Haya yako imenikalisha kitandani," akamwita mjukuu aniletee kahawa. Sikufukuzwa. Natamani wakati mwingine ningefukuzwa, ingekuwa nyepesi zaidi.

7. Kwa hiyo semeni, na semeni kamba zikiwa bado gatini.

Hapa ndipo wengi mnakosea hata mkiwa na nia nzuri. Mnasubiri mpaka watu wamekaa, wamevua viatu, wamefungua soda, ndipo mnaanza kuwainua. Hapo unamuaibisha mgeni, na mgeni aliyeaibika hashuki, anakaa kwa ubishi. Wazee walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi wageni wangu nawapa marejeo yao kabla ya safari. Wanapopanda tu nasema: "Mbele ni pa kukaa tukifika na nanga ikishalala. Tukikimbia, kila mtu nyuma ya konsoli." Mtu mzima akiwepo namchagulia mahali mwenyewe, kiti cha tezini karibu na katikati ambako boti hairuki, nakipangusa kwa mkono, nasema, "Mama, hiki nimekuwekea wewe." Hakuna aliyewahi kukataa. Miaka yote ile nilidhani heshima ni kunyamaza, kumbe heshima ilikuwa kumtengea kiti.

Na tajiri mwenyewe akienda kukaa omoni? Mara mbili imenitokea. Sikubishana naye. Niliuacha mkono wa gesi kwenye mwendo wa kuingilia bandarini, boti haiinui hata wimbi la nyuma, nikatazama mbele. Dakika chache akageuka kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Hakuna kitu, bwana, ukirudi nyuma tutakimbia." Akarudi.

8. Bahari ikiwa ya nyuma: trimu juu, vibao juu, watu nyuma, na usiyapite mawimbi bila sababu. Kaa mgongoni mwa moja, kwenda kwake kuwe kwenda kwako. Ukiona unakaribia kilele, punguza kidogokidogo mapema, usikate.

9. Nanga ya omo ifungeni kwa pini na kamba. Kwenye omo wazi, nanga iliyofunguka haiangukii sitaha tupu, inaangukia miguu ya watu.

10. Watu wakisimama mbele ya konsoli huoni. Ni jambo dogo mpaka siku utakapokutana na mvuvi kwenye mashua ya faiba isiyo na taa wala rangi, amekaa chini anasubiri jodari. Huyo ana watoto pia. Karibu na visiwa pigeni polepole zaidi, kasa wanaibuka kuvuta pumzi bila taarifa.

Wewe kijana wa Ijumaa, utajijua. Sijakutaja na sitakutaja. Jumamosi boti yangu haina safari. Njoo saa kumi na mbili asubuhi, njoo na baharia wako. Tutatoka nje ya boya, wewe utakaa omoni na mimi nitashika usukani, noti 15 tu, mawimbi ya nusu mita. Dakika tano zinatosha. Kisha tutabadilishana, na kahawa nitakuja nayo mimi.